UYOGA HAUOTI PEKE YAKE



Mvua za kwanza zinapoanguka katika miombo ya Tabora, akina mama na watoto huchukua vikapu kwenda kuchuma uyoga. Msimu mmoja nilifika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi, nikaarifiwa kwamba katibu yuko hospitali pamoja na jamaa zake wanne. Walikuwa wamekula uyoga wasioujua. Daktari alipouliza ni uyoga gani, alionyeshwa picha iliyopigwa kwa simu. Picha ilikuwa safi, lakini ilionyesha kofia tu, kutoka juu, nayo haikumsaidia mtu. Kwa bahati njema wote walipona. Tangu siku hiyo nimeona ni wajibu wangu kueleza namna ya kuutazama uyoga na kuupiga picha yenye manufaa.

Uyoga tunaouchuma ni mfano wa tunda. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotambaa ardhini au ndani ya mti. Nyuzi hizo haziwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani. Hula vilivyooza, au hushirikiana na kiumbe kingine. Kwa hiyo mchunguzi huanza kwa kuuliza: uyoga huu unaishi na nani?

Wapo washirika wa miti. Mtundu na muba hushirikiana na aina nyingi za uyoga, ukiwamo ule wa rangi ya manjano upendwao sana sokoni. Nyuzi huzivika ncha za mizizi na kuuletea mti maji na madini. Mti nao hulipa kwa sukari. Mtaalamu Mjerumani A. B. Frank aliupa ushirika huu jina la kitaalamu mwaka 1885. Mti ukikatwa, malipo hukoma, na uyoga hutoweka. Mwanachama akatapo mtundu kwa ajili ya bani la tumbaku, afahamu kwamba anapunguza pia mboga ya jirani yake.

Wapo washirika wa mchwa. Mchwa hutafuna majani makavu na vijiti, hujenga masega ndani ya kichuguu, na kuukuza ukungu juu yake. Ukungu huo hulainisha chakula kigumu ili mchwa waweze kukila. Mvua zikianza, huchipua uyoga wenye mguu mrefu kama mzizi, unaoshuka hadi kwenye sega. Aina moja ya jamii hii, Termitomyces titanicus, iliyoelezwa na wataalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1.

Hapa ndipo penye hatari. Uko uyoga mweupe wenye sumu, uotao penye nyasi, unaoweza kudhaniwa kuwa ni huo wa mchwa. Huo hauna mzizi mrefu, na mikunjo iliyo chini ya kofia yake hugeuka kijani unapokomaa. Aukataye kwa kisu juu ya ardhi huacha ushahidi udongoni.

Basi piga picha nne, kivulini:

1. Mahali pote, pamoja na mti, kichuguu au nyasi zilizo karibu.
2. Uyoga kutoka ubavuni, simu ikiwa chini kabisa.
3. Mikunjo iliyo chini ya kofia.
4. Uyoga mzima uliochimbuliwa hadi mwisho wa mguu, kando yake pakiwa na kiberiti ili kuonyesha ukubwa.

Andika tarehe, mahali, jina la mti, na jina la uyoga kwa lugha ya wenyeji.

Hata hivyo, picha si ruhusa ya kula. Sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki kwa kupikwa, na dalili zake huweza kuchelewa zaidi ya saa 6, wakati ini limekwisha anza kudhurika. Mtu akiugua, apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga.

Natoa rai kwamba kila chama kitenge daftari moja la kumbukumbu hizi, na wazee wanaoujua uyoga wa kwao waalikwe kulisomesha kwa vijana kabla ya mvua. Daftari hilo halitakaguliwa nami, lakini nitafurahi kuonyeshwa.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika