Miezi Mitatu ya Kwanza

Kati ya Oktoba 2003 na Novemba 2006, watu wazima 320 walianzishiwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu. Watafiti waliowafuatilia walihesabu vifo 95, na 59 kati ya hivyo vilitokea kabla mgonjwa hajatimiza miezi mitatu tangu ameze kidonge cha kwanza. Mkazi wa Masieda, wilayani humohumo, hakuhitaji jarida la kitabibu kuliona jambo hilo. Jirani anabebwa kupelekwa Haydom, habari zinarudi kwamba ameanza dawa, na kabla mahindi hayajakomaa watu wanaitwa msibani. Ni rahisi kuhitimisha kwamba dawa ndizo zilizommaliza. Anayehitimisha hivyo si mjinga. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amekufa siku mbili baada ya kuchanjwa naye atamtazama kwa shaka mwenye sindano. Hata hivyo hitimisho hilo si sahihi, na takwimu zilezile za Haydom ndizo zinazoonyesha kosa liko wapi.

Wagonjwa wale walipimwa damu kabla ya kuanza dawa. Waliokutwa na upungufu mkubwa wa damu, yaani wale ambao ukivuta kope la chini unakuta nyama ya ndani imepauka, zaidi ya nusu yao walikadiriwa kufariki ndani ya mwaka mmoja. Ambao hawakuwa na upungufu wa damu, waliokadiriwa kufariki katika muda huohuo hawakufika hata wanne katika kila mia. Waliokuwa wamekonda sana kwa utapiamlo nao walikuwa katika hatari kubwa. Hospitali ilikuwa ileile na matibabu yaleyale. Kilichotofautiana ni hali ya mtu siku alipofika mlangoni. Msomaji makini atasema kwamba AZT, dawa ya kwanza kabisa ya UKIMWI, yenyewe hupunguza damu. Ni kweli, na waganga wa hospitali wanalijua hilo. Lakini damu inayozungumziwa hapa ilipimwa kabla ya kidonge cha kwanza. Mgonjwa alitoka nayo nyumbani ikiwa imekwisha kupungua. Basi inabidi tuulize alikuwa wapi miezi yote iliyotangulia siku hiyo.

Wengi walikuwa hawajui wanaumwa nini, wengine waliogopa kupima. Wapo pia waliokuwa wakizunguka kutafuta tiba nyingine, na mzunguko mkubwa kuliko yote Tanzania iliyowahi kuushuhudia ulitokea mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kama Babu, alichemsha mizizi ya mti unaoitwa mugariga na kumpa kila aliyekuja kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba kikombe hicho kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, hata mawaziri walifika, na wagonjwa walitolewa wodini kupelekwa huko. Machi ya mwaka ule ilitangazwa kwamba watu wapatao 52 walikuwa wamefariki wakisubiri. Serikali ilipima dawa ile na kusema haina madhara kwa mnywaji, na kauli hiyo ikapokelewa na wengi kana kwamba imethibitishwa kuponya. Kutomdhuru mtu ni jambo moja na kumponya ni jambo lingine. Uji wa ulezi nao haudhuru. Hadi Babu alipofariki Julai 2021, hapakuwa na utafiti uliothibitisha kwamba mtu mwenye VVU alikunywa kikombe akapona.

Mei 2011, foleni za Samunge zikiwa bado gumzo, yalitangazwa matokeo ya utafiti wa kimataifa uliofanywa katika nchi 9, zikiwemo za Afrika. Katika ndoa ambazo mmoja ana VVU na mwenzake hana, aliyeanza dawa mapema alipunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Inasikitisha kwamba wakati taifa zima lilijua bei ya kikombe, habari hii haikufika vijijini. Mtu aliyesitisha vidonge ili anywe kikombe aliacha kujilinda yeye na kumlinda mwenzake wa ndoa kwa siku moja.

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe kwa haki: kwamba hata madaktari walikosea. Walikosea kweli. AZT iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa haraka isiyo ya kawaida, baada ya jaribio kukatishwa mapema kwa sababu kati ya waliopewa dawa alikuwa amefariki mmoja, na kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa wamefariki 19. Dozi ya mwanzo ilikuwa nzito, iliwatesa wagonjwa, na bei yake ilikaribia dola 10,000 kwa mwaka. Madaktari wengi waliamini kwamba kumpa mapema mtu asiye na dalili kungemrefushia maisha. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Uingereza, Ireland na Ufaransa, uliofuatilia watu zaidi ya 1,700, ulionyesha kwamba haikuwa hivyo. Virusi huizoea dawa hiyo ikitumika peke yake. Walioandika hayo ni madaktari wenyewe. Dozi ilikuwa imekwisha kupunguzwa, na kuanzia mwaka 1996 dawa tatu zikatumika kwa pamoja, vifo vikashuka. Swali la kuanza mapema likapimwa upya kwa dawa bora zaidi, na mwaka 2015 jibu likaja kinyume na lile la 1993: anayeanza mapema anafaidika. Ninaziamini dawa hizi kwa sababu zilipopimwa zikaonekana na kasoro, kasoro hiyo ilitangazwa na ikarekebishwa. Kikombe cha Samunge hakikuwahi kupewa nafasi ya kushindwa hadharani.

Mahali ambapo fahari ya taifa ilishika nafasi ya kipimo, watu waliumia. Kenya ilitangaza kwa shangwe dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron mwaka 1990, ikitoka katika taasisi yake ya utafiti wa tiba. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuona faida yake. Afrika Kusini chini ya Rais Thabo Mbeki ilichelewesha dawa huku waziri wake wa afya akihimiza kitunguu saumu na kiazisukari. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Wengine husema kwamba kutetea vidonge ni kudharau mila na miti yetu. Kwa watu wa Mbulu hoja hii haina mizizi. Ole Bjørn Rekdal, mtafiti kutoka Norwei, aliandika mwaka 1999 kwamba Wairaqw wa Mbulu kwa muda mrefu wamekuwa wakivuka mipaka ya kabila kutafuta tiba, na kwamba mganga wa mbali huaminiwa wakati mwingine kuliko wa nyumbani. Wana waganga wao, qwaslare, lakini hawakuwahi kujifungia kwao. Anayekwenda Haydom anafuata desturi ya wazee wake. Dini nayo haitenganishi, maana hospitali ile na mchungaji yule wa Samunge ni wa kanisa lilelile. Na miti haidharauliwi: huko Tanga, kuanzia mwaka 1990, madaktari wa Hospitali ya Bombo walifanya kazi na waganga wa jadi ambao mitishamba yao ilitumika kutuliza magonjwa nyemelezi, bila kudai kuwa inafukuza virusi. Ushirikiano wa namna hiyo ndio ninaoutetea. Kuchanganya kimyakimya ni hatari. Hata kitunguu saumu, kikitumika kwa wingi kama vidonge, kilionekana katika jaribio moja Marekani kupunguza kwa takriban nusu kiwango cha saquinavir, dawa ya UKIMWI, katika damu. Ndiyo sababu mhudumu anapaswa kuambiwa mgonjwa anakunywa nini, naye asimkaripie.

Pingamizi zito kuliko yote, kwangu mimi, halihusu sayansi. Katika foleni ya Samunge mwenye kisukari, mwenye pumu na mwenye VVU walisimama pamoja, wakashika kikombe cha aina moja, na hakuna aliyejua nani kaja na nini. Kituo cha tiba na matunzo kwa wenye VVU kina jengo lake, siku zake na faili lake. Ukionekana pale, kijiji kimejua. Babu alitoa faragha ambayo hospitali zetu hazikuitoa, na lawama hii ni ya haki. Tangu Oktoba 2016 utaratibu wa Tanzania ni kwamba kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri adhoofu, na aliye imara anaweza kupewa za miezi kadhaa ili asionekane kituoni kila mara. Viongozi wa Mbulu na Hanang wahakikishe utaratibu huo unafika hadi zahanati ya mwisho, na mhudumu anayetangaza siri ya mgonjwa achukuliwe hatua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo.

Nawe msomaji wa Masieda, kama kuna mtu nyumbani ambaye kikohozi au kukonda kumempeleka kwa mganga wa pili na wa tatu, mshike mkono mwende mkapime VVU kabla ya safari ya nne. Kupima ni bure, majibu hutoka siku hiyohiyo, na dawa nazo ni bure.