Aina za Vipokea Sauti Visivyo na Waya na Usikilizaji wa Redio ya Simu Mkoani Singida

Katika maduka ya simu, vipokea sauti visivyo na waya huainishwa kwa umbo: vya kupachika sikioni, vya mkanda wa shingoni, na hedifoni zinazofunika masikio yote mawili. Uainishaji huo humsaidia mnunuzi kujua iwapo kifaa kitamkaa vizuri, lakini haumwelezi sauti inavyosafiri. Kigezo chenye uzito zaidi ni aina ya wimbi linalobeba sauti hiyo.

Kwa kigezo hicho, aina kuu ni tatu. Ya kwanza hutumia mionzi ya infraredi, ambayo haipenyi ukuta na huvurugwa na mwanga wa jua, hivyo hufaa sebuleni mbele ya televisheni. Ya pili hupokea mawimbi ya redio kutoka katika kitako maalumu, na husikika hata chumba cha pili. Ya tatu, iliyoenea zaidi, ni Bluetooth, iliyopewa jina kutokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1999. Hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na kwa kawaida hufika mita 10 hivi.

Kwa msikilizaji wa Singida, tofauti hizi si za kinadharia. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili, na mkulima wa alizeti wa Iramba au Ikungi anayekosa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania redioni hupanda kwa kubahatisha. Katika simu nyingi, waya wa kipokea sauti ndio antena ya redio. Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, yana urefu wa mita 3 hivi, na robo ya urefu huo, yaani sentimita 75, hupatikana kwa urahisi katika waya wa masikioni. Wimbi la Bluetooth lina sentimita 12.5 tu, ndiyo maana antena yake hutoshea ndani ya kifaa cha sikioni, na ndiyo maana haiwezi kushika nafasi ya waya huo. Waya ukichomolewa, redio ya simu ya namna hiyo hunyamaza au hukwaruza.

Kusikiliza kituo kwa intaneti kunawezekana, ila kunadai bando na mtandao imara, ilhali FM haimtozi msikilizaji chochote. Baadhi ya simu huruhusu waya ubaki umechomekwa kama antena huku sauti ikienda kwa Bluetooth, jambo linalofaa kujaribiwa dukani kabla ya kulipa. Hapa ndipo umbo linaporejea kuwa na maana: baadhi ya hedifoni kubwa, zikiwemo za bei nafuu, zina kipokezi chao cha FM ndani, kwa kuwa utepe wa kichwani una nafasi ya antena. Hizo husikilizwa shambani hata simu ikiwa imezimwa.