Ni Tumbo ao ni Moyo?

Umetoka kazi ya usiku, mshahara haujaingia. Unasimama kwa mama wa mandazi: tano, na sukre baridi. Jiulize kwanza: ni tumbo linalia ao ni moyo? Njaa ya tumbo inakuja polepole, hata bukari ya jana inaituliza. Ile ya moyo inafika ghafula, inataka kitu kimoja tu, tena sasa hivi.

Kola ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari; mwaka 2015 OMS ilishauri mtu mzima asipite karibu 50 kwa siku, heri chini ya 25.

Mimi, kisha maziko, nilikuwa nakula hivyo. Sasa nakunywa maji, naongea na bibi yangu kwanza. Siku zingine mandazi yananishinda.