Wanakemia waiga jani kuvuna nuru ya jua

Saa sita za mchana katika mtaa wa Al Rigga, mjini Dubai, wapita njia hukimbilia kivulini. Mtende hubaki juani, kwani nuru hiyo ndiyo riziki yake. Je, binadamu anaweza kuuiga?

Ndani ya jani, mamia ya molekuli za klorofili hufanya kazi kwa ushirika. Nyingi kati ya hizo hunasa nuru na kupokezana nishati yake mpaka ifike mahali ambapo kemia ya usanidinuru huanza. Ni mfano wa majirani waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji kuelekea nyumba inayoungua.

Mwaka 1948, mwanasayansi wa Ujerumani Theodor Förster alieleza jinsi molekuli moja inavyoweza kuipa jirani yake nishati pasipo kutoa mwanga wowote. Kwa njia hiyo, umbali ukiongezeka maradufu, kasi ya kupokezana hupungua mara 64. Kwa hiyo ujirani ni wa nanometa chache tu, na nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mpangilio huo ulidhihirika mwaka 1995, watafiti wa Uingereza walipochapisha umbo la mtambo wa kunasa nuru wa bakteria mmoja: molekuli 27 za rangi katika pete mbili, moja ya molekuli 18, nyingine 9.

Wanakemia nao wameunda mitambo yao. Katika miaka ya 1990, Jonathan Lindsey na wenzake nchini Marekani waliunganisha molekuli za porfirini, jamaa ya klorofili: nne zenye zinki zikiizunguka moja isiyo na madini. Zile nne zilinasa nuru na kuipa ile ya katikati sehemu kubwa ya nishati, safari hii zaidi kupitia viungo vya kemikali vilivyoziunganisha.

Kikwazo kikubwa ni uimara. Jua kali huharibu hata mitambo ya jani, lakini jani hujikarabati: protini yake moja muhimu hubadilishwa mara kwa mara mchana kutwa. Molekuli za maabara kwa kawaida hazina fundi wa namna hiyo.

Paneli za jua tayari huzalisha umeme katika jangwa la Dubai. Matarajio ya watafiti ni kwenda mbali zaidi: nuru ya mchana igeuzwe kuwa fueli, kama vile haidrojeni, itakayowekwa akiba na kutumika jua likishatua. Hilo, mtende umelifanya siku zote, nao akiba yake ni tende.