Pumzi ya Mtoto Njiti

Aingiapo tabibu katika wodi ya watoto wachanga, kabla hajashika chombo chochote humtazama mtoto kifuani na kumtegea sikio. Kwani njiti aliyeshikwa na shida ya kupumua ana dalili zisomekazo kwa macho matupu: hupumua kupita mara 60 kwa dakika, tundu za pua hutanuka, nyama za baina ya mbavu hubonyea ndani kila avutapo hewa, na kila aitoapo huguna.

Guno hilo lina maana kubwa. Mapafu yamejaa vifuko vidogo vya hewa, na unyevu wa kuta zake tabia yake ni kuvutana. Basi lau si ute wenye asili ya mafuta uitwao safaktanti, vifuko hivyo vingegandana kila pumzi itokapo, kama kurasa za kitabu kilichorowa. Aghalabu ute huo hautoshi mpaka mimba ikaribie wiki ya 35. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Boston, walibainisha kwamba mapafu ya watoto waliofariki kwa maradhi haya yalikuwa na upungufu wake. Hata hivyo kujua sababu si kupata dawa: Agosti 1963 Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alifariki kwa maradhi yayo hayo umri wake haujatimia siku mbili, wala daraja ya baba yake haikumfaa kitu.

Mtoto agunapo hubana koo ili hewa isitoke yote na vifuko visifumbe. Ni tiba ajifanyiayo mwenyewe, ila nguvu zake ni haba na huchoka upesi. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza namna ya kumtua mzigo huo, kwa kumpa hewa yenye mgandamizo usiokatika. Leo hii mrija laini huingizwa puani, na ncha ya mrija wa kutolea hewa huzamishwa katika chupa ya maji, yamkini sentimita 5, kina hicho kikawa ndicho kipimo cha mgandamizo. Maji yakibubujika, muuguzi hutulia. Yakinyamaza, hutazama kwanza pua, isije mrija umechomoka, kisha kinywa, isije kimeachama. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, utafiti uliotangazwa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 71 ya watoto waliotibiwa hivi walinusurika, ilhali waliopewa oksijeni ya puani peke yake walinusurika asilimia 44.

Ziko na tiba nyingine: sindano apewazo mama kabla ya kujifungua, zilizothibitishwa na Liggins na Howie huko New Zealand mwaka 1972 kuwa huyapevusha mapafu ya mtoto, na safaktanti ya ng'ombe, ambayo Tetsuro Fujiwara wa Japani alitangaza mafanikio yake mwaka 1980. Lakini oksijeni yenyewe ikizidi huharibu macho ya njiti hata kumpofusha, na mrija uliochomoka haujirudishi. Kwa hiyo hospitali itakayo kuokoa watoto hawa na ihesabu wauguzi wake wa zamu ya usiku kabla ya kuhesabu mashine zake.