Pesa ya Matumizi na Dawa ya Kisukari: Hesabu ya Chakula cha Wiki Inavyoingia Kliniki

Mgonjwa wa kisukari anapoondoka kliniki huwa amepewa dawa, na pamoja na dawa amepewa maelekezo ya chakula: apunguze wanga, aongeze mboga za majani, ale matunda kwa kiasi, aache soda, asiruke mlo. Maelekezo hayo ni sahihi. Kasoro ni kwamba mara nyingi hutolewa bila mtu yeyote chumbani kuuliza ni shilingi ngapi hutumika kwa chakula nyumbani kwa mgonjwa kwa wiki, nani anashika fedha hizo, na huisha siku gani. Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo ni la kitabibu kama lilivyo swali la kiwango cha sukari kwenye damu, na namna ya kuliuliza bila kumvunjia mtu heshima.

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alionyesha kuwa kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Kanuni hiyo ingali inaonekana katika kila mtaa. Kaya yenye uwezo ikikuta bei ya mchele imepanda hupunguza matembezi au huahirisha kununua nguo. Kaya inayotumia zaidi ya nusu ya kipato chake kwa chakula haina pa kupunguza, kwa kuwa kodi ya nyumba haipunguzwi na nauli haipunguzwi. Kinachopunguzwa ni chakula chenyewe, tena kwa utaratibu unaofahamika: samaki na nyama hutangulia kuondoka, matunda hufuata, kisha mboga hupungua hadi kuwa mchuzi wa kulainishia ugali. Ugali hubaki. Kwa hiyo vyakula vya kwanza kutoweka ni vilevile ambavyo kliniki ilitaka viongezwe.

Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na washirika wake ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 3 duniani hawakuwa na uwezo wa kugharimia mlo kamili wenye afya, na kwamba mlo huo hugharimu takriban mara tano ya mlo wa kushibisha tu unaotegemea wanga. Kwa Tanzania Bara, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula kwenye shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani chini kidogo ya shilingi 8,000 kwa wiki kwa bei za wakati huo, na asilimia 8 ya wananchi walikuwa chini ya mstari huo. Mhudumu wa afya anayedhani mgonjwa wake hali mboga kwa sababu hajaelimishwa angefanya vyema kuzitafakari takwimu hizo kabla ya kurudia somo.

Siku fedha zinapoisha

Hatari kubwa zaidi haiko katika mlo usio kamili. Iko katika mlo usiokuwepo kabisa, hasa kwa mtu aliyekwisha kumeza dawa.

Glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu kinachotumiwa na wagonjwa wengi, huchochea kongosho litoe insulini hata pale ambapo tumbo ni tupu, na athari yake inaweza kudumu hadi saa 24. Insulini ya mchanganyiko inayochomwa asubuhi na jioni nayo hufanya kazi kwa kutegemea kuwa mgonjwa atakula. Chakula kisipofika, sukari hushuka. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuleta tatizo hili. Kwa wazee na wenye figo dhaifu hatari ya glibenklamidi ni kubwa zaidi, ndiyo maana Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitaja gliklazidi na kueleza kuwa glibenklamidi haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa waliolazwa katika hospitali za jimbo la California, Marekani. Miongoni mwa wakazi wa kipato cha chini, waliolazwa kwa sababu ya sukari kushuka waliongezeka kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho ya mwezi ikilinganishwa na wiki ya kwanza. Kwa wakazi wa kipato cha juu ongezeko hilo halikuonekana. Dawa zilikuwa zilezile na miili ni ya wanadamu wale wale. Kilichobadilika mwezi ulipokaribia kwisha ni fedha ya chakula.

Nchini Tanzania ukata hauna tarehe moja. Mtumishi wa serikali hubanwa siku za mwisho kabla ya mshahara. Dereva wa bodaboda na mama lishe hubanwa siku ya mvua. Mkulima wa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua hubanwa miezi ya kabla ya mavuno, wakati ghala limekwisha na mahindi shambani bado mabichi. Kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, wanaotumia taa usiku, biashara husimama mwezi unapokuwa mpevu kwa kuwa mwanga wake hutawanya dagaa. Nyumba zao huwa na wiki ya ukata inayofuata mwezi wa angani. Na Januari, kwa ada na sare za shule, karibu kila nyumba ina lake la kusimulia. Mhudumu wa afya anayefahamu kazi ya mgonjwa wake anaweza kukisia wiki yake ya hatari hata kabla ya kuuliza.

Dalili za sukari kushuka ni jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuchanganyikiwa, maneno kuvurugika, na mwisho kupoteza fahamu. Nyumbani hali hii hufasiriwa vibaya. Wapo wanaodhani ni malaria, wapo wanaodhani mgonjwa amelewa, na baya kuliko yote, wapo wanaodhani sukari imepanda na hivyo kumnyima kitu chochote kitamu. Mgonjwa aliye na fahamu apewe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari katika nusu kikombe cha maji, aangaliwe tena baada ya dakika 15, arudiwe ikiwa bado hajapata nafuu, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Kila anayetumia glibenklamidi au insulini anastahili kuwa na makubaliano na daktari wake, yaliyoandikwa, kuhusu siku ambayo chakula hakipo. Kwa kawaida kidonge cha glibenklamidi cha mlo usiokuwepo hakimezwi. Kwa insulini jambo si jepesi hivyo, kwa sababu mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kabisa anaweza kupata sumu ya ketoni na kufa. Dozi hurekebishwa, na marekebisho hayo hupangwa mapema, mgonjwa akiwa mzima na mwenye utulivu.

Kununua kwa kupima

Swali la gharama za wiki lina ugumu wake, kwa kuwa kaya nyingi hazinunui chakula kwa wiki. Baba huacha pesa ya matumizi asubuhi, au mama huipata mwenyewe jioni baada ya kufunga biashara, na fedha hiyo huenda yote siku hiyo: robo ya sukari, mafuta ya kupima, fungu la nyanya, kitunguu kimoja, dagaa wa kutosha mlo mmoja, mkaa wa kwenye mfuko wa nailoni. Ununuzi huu una gharama yake. Ikiwa lita ya mafuta inauzwa shilingi 6,000 na kipimo cha mililita 100 kinauzwa shilingi 800, mwenye kununua vipimo kumi amelipa shilingi 8,000 kwa mafuta yaleyale.

Hata hivyo, kumwambia mtu huyo anunue kwa jumla ni kumwonea. Mwenye kipato cha siku hana shilingi 30,000 za dumu la mafuta, na akiwa nazo, dumu hilo lina njia ya kumwagika vikaangoni haraka kuliko kipimo. Lililo rahisi zaidi ni kuchagua kitu kimoja au viwili visivyoharibika, navyo vinunuliwe pale fedha inapopatikana: maharage au choroko, na dagaa wakavu. Hivi ndivyo vinavyoikinga protini ya wiki nzima dhidi ya siku ya ukata. Nyanya na mchicha viendelee kununuliwa kila siku gengeni, na dona isirundikwe, maana kiini cha mahindi kilichobaki ndani yake kina mafuta na unga wake huchacha mapema kuliko sembe. Kwa wanaosagisha mahindi yao wenyewe, dona ina faida nyingine inayosahauliwa: mahindi yaleyale hutoa unga mwingi zaidi, kwa kuwa hakuna pumba inayoachwa mashineni.

Mkaa nao ni sehemu ya bei ya chakula. Maharage hayanunuliki kwa bei ya dukani peke yake. Yana saa zake za jikoni, na wapo wanaoyaepuka kwa sababu hiyo tu. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kuyapika, na maelezo hayo ya dakika moja huweza kumsaidia mgonjwa kuliko karatasi yenye picha za tufaha na samaki wa bei ghali.

Sukari ya chai inastahili kuhesabiwa mbele ya mgonjwa. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akinywa vikombe viwili kwa siku vyenye vijiko viwili vya sukari, hutumia vijiko 24, sawa na takriban gramu 96. Kwa wiki ni gramu 670 hivi, yaani theluthi mbili za kilo. Kilo ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 2,000 zinazoyeyuka ndani ya chai, na kuzipunguza kwa nusu huleta shilingi 1,000 za mboga bila kumwomba mtu yeyote nyongeza. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 au zaidi, na hiyo haihitaji hesabu ndefu.

Chungu kimoja

Fedha nyingine hupotea katika imani kwamba mgonjwa wa kisukari ana chakula chake. Familia hununua unga maalumu, mkate wa rangi ya kahawia na vinywaji vya dukani vyenye maandishi ya kutia moyo, hupika chungu cha pili, na baada ya wiki mbili uwezo huisha na mgonjwa hurejea alikotoka akiwa na hisia ya kushindwa. Uji wa ulezi, unaosifiwa sana, una wanga kama nafaka nyingine. Vikombe vitatu vikubwa vya uji huo vitapandisha sukari. Mgonjwa ale kutoka chungu kilekile cha nyumba. Kinachobadilika ni mgawanyo wa sahani: nusu yake iwe mboga za majani, robo iwe ugali, wali au ndizi, robo nyingine maharage, dagaa, yai au samaki. Matembele, kisamvu na mchicha vinatosha kabisa kuijaza nusu hiyo. Watoto wa nyumba hiyo nao, ambao huenda wamerithi hatari ileile, hawatapoteza chochote wakila hivyo.

Namna ya kuuliza

Njaa hufichwa. Bibi anayelea wajukuu atasema amekula, ilhali sahani yake ameisukuma kwa mdogo kuliko wote. Na mbele ya mkwewe aliyemsindikiza kliniki hawezi kusema vinginevyo. Akiulizwa, “Je, mna uwezo wa kununua chakula?” jibu litakuwa ndiyo. Afadhali aulizwe kwa upole, msindikizaji akiwa ameombwa asubiri nje: “Bibi, jana nyumbani mlipika nini? Fedha ya mboga aliitoa nani, na ilikuwa kiasi gani? Mwezi huu uliopita, ipo siku ulimeza dawa ukalala bila kula?” Swali la mwisho ndilo lenye uzito, na likijibiwa ndiyo, dawa ya mgonjwa huyo ipitiwe upya siku hiyohiyo, hata kama kipimo chake cha sukari ni kizuri. Huenda ni kizuri kwa sababu hali.

Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, karibu na uzito na shinikizo la damu: kiasi cha matumizi ya chakula kwa siku, idadi ya walaji, na tarehe ambazo fedha huwa haba. Tarehe ya kurudi kliniki nayo ipangwe kwa kuangalia kumbukumbu hiyo. Mgonjwa ambaye kadi yake inasomeka “tarehe 22 hadi 30” asipangiwe tarehe 28, kwa sababu nauli ya siku hiyo itatoka katika fedha ileile ya mboga.