Kwa Nini Ndege Hushuka kwa Digrii Tatu

Ndege hutua ikielekeana na upepo. Kwa hiyo, wakati wa pepo za kaskazi, ndege kubwa ziendazo Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, aghalabu hukikabili kiwanja kutoka kusini-magharibi, upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe. Mteremko wao haukadiriwi kwa macho tu. Unatawaliwa na hesabu ya pembetatu.

Katika viwanja vingi duniani pembe ya kushuka ni digrii 3. Tanjenti yake ni 0.0524, yaani, kwa kila kilomita moja ya kwenda mbele, ndege hupoteza kimo cha mita 52 hivi. Mstari huo ukirefushwa hadi kilomita 30, umbali unaokaribia ule wa kutoka kiwanjani hadi Kibaha, hufikia kimo cha mita 1,570.

Kwa nini pembe isipunguzwe? Tuchukue mfano wa kilima kinachozidi usawa wa kiwanja kwa mita 200, kikiwa umbali wa kilomita 12. Kwa digrii 3, ndege itapita hapo kwenye kimo cha mita 629, ikiwa na akiba ya usalama ya mita 429. Kwa digrii 1, kimo kitakuwa mita 209. Akiba ni mita 9 tu, na mti mmoja mrefu waweza kuimaliza.

Kwa nini basi isiongezwe? Kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa, pembe ya digrii 3 huishusha ndege mita 3.6 kila sekunde. Digrii 6 huishusha mita 7.3. Rubani hubakiwa na nusu ya muda wa kurekebisha mteremko, na ndege huwa nzito kupunguza mwendo.

Ili kumsaidia rubani, viwanja vingi vina taa nne kando ya njia ya kutulia. Mbili nyeupe na mbili nyekundu humwambia kwamba yu sawa. Zote nyekundu, kwamba yuko chini mno.

Hatua hii ya mwisho ya safari haina nafasi ya uzembe. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki.

Ndiyo sababu urefu wa majengo na minara karibu na viwanja huwekewa mipaka. Kila mita inayoongezwa ardhini hupunguzwa katika akiba ya walio angani.